Majiko ya "nje" yanayofanya kazi vizuri ndani tu: maboksi yanatudanganya mchana kweupe

Wakuu, leo nimekuja na hasira na siombi radhi. Nazungumzia majiko ya gesi ya kubebeka na majiko ya mkaa ya kuchomea nyama, haya tunayouziwa kwa picha za milima, maziwa na watu wanaocheka jua likizama. Picha ni ya nje. Namba zilizochapwa pembeni yake ni za ndani: chumba kimefungwa, upepo hakuna, joto la wastani, sufuria imefunikwa. Huo ndio ugomvi wangu.

Tuanze na ile "lita moja inachemka kwa dakika 3". Jiko lenyewe limeandikwa wati 2,500. Haya, chukueni kikokotoo. Kupandisha lita moja ya maji kutoka digrii 20 hadi 100 kunahitaji kama kilojuli 335. Wati 2,500 kwa dakika 3 ni kilojuli 450. Kwa hiyo robo tatu ya joto lote iingie kwenye maji, na robo moja tu ndiyo ipotee. Kwa sufuria ya kawaida, juu ya moto ulio wazi, nje? Labda upepo uwe umeombwa usubiri. Kapepo kadogo tu ka kutikisa majani kanalaza mwali pembeni, unaanza kupasha hewa badala ya chakula, zile dakika 3 zinafika 8, na siku mbaya maji yanabaki vuguvugu hadi njaa yenyewe ikate tamaa.

Sasa kwa nini ndani ya boksi hamna kizuia upepo? Kinauzwa peke yake, bila shaka. Na ukishakinunua, kijitabu kinakukataza kukizungushia jiko ambalo mkebe wa gesi umekaa chini ya moto. Katazo hilo ni sahihi, silibishi: ukiufungia mkebe pamoja na moto, unapata joto, mgandamizo unapanda, na unaweza kukulipukia usoni. Lakini angalieni mantiki yake. Mtu ametengeneza kifaa cha kupikia nje, kinashindwa na upepo, halafu kukikinga na upepo ni hatari! Dawa inajulikana siku nyingi: moto ukae chini kwenye miguu yake, mkebe ukae kando, mpira uunganishe viwili hivyo. Hapo unazungushia kizuia upepo bila wasiwasi, na sufuria haiyumbi kila ukikoroga. Majiko ya namna hiyo yapo. Yanayotangazwa kwa kelele ni yale mengine.

Baridi nayo. Mkebe ukiwa na butani tupu, butani huchemka kwenye nusu digrii chini ya sifuri. Hewa ya nje ikikaribia hapo, gesi inagoma kutoka kama mvuke na moto unasinzia, huku ukitikisa mkebe unasikia kabisa kimiminika kinacheza ndani. Tena hata kabla hewa haijafika sifuri utaumia, kwa sababu gesi ikigeuka mvuke inanyonya joto la mkebe wenyewe. Ndiyo maana chuma kinakuwa baridi mkononi na kutoa jasho. Propani huchemka kwenye digrii 42 chini ya sifuri, isobutani karibu 12 chini ya sifuri, kwa hiyo mchanganyiko mzuri unasaidia sana. Basi andikeni asilimia! Mkebe umeandikwa "gesi mchanganyiko maalum". Maalum kwa nani?

Ile ya "saa nyingi za kupika" nitaipitia haraka maana inanipandisha presha. Kilo moja ya gesi hii ina nishati ya takriban kilowati-saa 13. Jiko la wati 2,500 likifunguliwa hadi mwisho linakula karibu gramu 190 kwa saa, kwa hiyo mkebe wa gramu 230 unakwisha kwa saa moja na kitu. Hizo saa nyingi wamezipata kwa moto wa chini kabisa, na zile dakika 3 wamezipata kwa moto wa juu kabisa. Namba mbili za majiko mawili tofauti, boksi moja.

Wa mkaa msidhani mmepona. Moto wa mkaa unaongozwa na hewa: tundu la chini linaingiza, la juu kwenye kifuniko linatoa moshi. Punguza hewa, joto linashuka. Funga yote, mkaa unazima. Halafu unauziwa jiko la bati jembamba lenye vitundu vya chini visivyofungika, na majivu yakijaa kidogo yanaviziba. Wavu nao hauinuki wala haushuki. Sasa unaongoza moto kwa maombi? Wavu wenyewe umepakwa krome inayobanduka, na magamba yake yanaishia kwenye nyama.

Juu ya kifuniko wamebandika kipimajoto kinachong'aa. Hicho kinapima hewa ya juu chini ya kifuniko. Usawa wa wavu joto ni jingine, na ndani ya nyama ni jingine kabisa, na la ndani ndilo linaloamua kama utalala salama. Wizara ya Kilimo ya Marekani inataka kuku afike digrii 74 ndani na nyama ya kusaga 71. Mshale wa kifuniko hauwezi kukwambia hilo hata ukiusugua. Kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama kingefaa mara mia, ila hakipendezi kwenye picha.

Lakini kilichonifanya nifungue uzi huu ni tangazo la jiko linalowaka ndani ya hema, zipu imefungwa, watu wamejifunika mablanketi. Hapo sicheki tena. Gesi na mkaa vyote vinapoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ambayo haina harufu wala rangi, na mtu anasinzia akidhani ni uchovu wa safari. Mkaa ndio mbaya zaidi, maana hata makaa yaliyofifia yanaendelea kuitoa. Onyo lipo, ndiyo, ukurasa wa nyuma wa kijitabu, kwa herufi za kusomwa na darubini. Picha ya hema ipo mbele, kubwa, ya rangi. Mnategemea mteja aamini kipi?

Najua watakuja wale wa "ungesoma maelekezo". Nimeyasoma yote, ndiyo maana naweza kuwatajia hadi ukurasa. Nikawaandikia watengenezaji kuwauliza: hizo dakika 3 mlipima kwenye upepo wa kasi gani, hewa ya digrii ngapi, sufuria ya upana gani, na kifuniko kilikuwepo? Wakanijibu kwamba matokeo yanaweza kutofautiana kulingana na mazingira ya nje.

Mazingira ya nje! Kwa jiko la nje!

Mwenye boksi lililoandikwa kasi ya upepo waliyopimia aweke picha hapa. Nitanunua hilo jiko leo leo.