Kujifunza mazingaombwe: kitabu, video au fundi wa mtaani?

Ngosha_Mdogo:
Habari za humu wadau. Niko Nyegezi, mwaka wa pili chuoni. Nataka kujifunza mazingaombwe ya mkononi, yaani karata na sarafu, siyo yale ya jukwaani ya kumkata mtu kwenye sanduku. Video zinanimalizia bando, na kila mwalimu ana jina lake kwa mbinu ileile. Nikitafuta kwa Kiswahili ndiyo balaa, naletewa waganga na mafuta ya kumrudisha mpenzi. Nina elfu thelathini. Ninunue kitabu, nibaki na video au nitafute mtu? Nawasilisha.

Mzee_wa_Kamanga:
Dogo, umechanganya kamusi na mwalimu. Kwa majina ya mbinu nenda Magicpedia, ni ensaiklopidia ya mtandaoni ya Genii, jarida la mazingaombwe. Halafu kuna Conjuring Archive. Hiyo ni faharasa: unaandika jina la mbinu, inakuonyesha imeandikwa kitabu gani, ukurasa wa ngapi. Kufundisha haifundishi, usije ukanilaumu. Ila zote mbili ni maandishi tu, bando halitaisha.

Mwalimu sasa. Karata, chukua The Royal Road to Card Magic cha Hugard na Braue. Kinaanza na kuchanga karata, jambo ambalo kila mtu anadhani analijua, halafu kila mbinu inafuatiwa na michezo ya kuifanyia mazoezi. Sarafu, Modern Coin Magic cha J. B. Bobo, cha 1952. Ujue tu kwamba mifano yake mingi ni ya nusu dola ya Marekani, ambayo ni kubwa kuliko sarafu yetu ya 500.

Binti_Makoroboi:
Shikamoo mzee, ila hapo napinga. Kitabu kinakwambia "inua karata mbili kama moja", umemaliza ukurasa, na mkono wako bado haujui kitu. Kasi huioni kwenye mchoro. Mimi mbinu hiyo nimeipata kwa video, na niliipata kwa shida kwa sababu ni mashoto na walimu wote wanatumia kulia. Nilichofanya, niliisimamisha simu mbele ya kioo cha kabati, nikawa naangalia kioo badala ya simu. Mwalimu akageuka mashoto kama mimi! Pakua video moja fupi, irudie hata mara mia, bando limeliwa mara moja tu.

Na hizo karata za makaratasi achana nazo. Kwa unyevu wetu huu wa ziwani wiki moja zimeshanatana, utajilaumu mikono bure.

Kijana_wa_Nansio:
Wote mmesahau fundi wa mtaani. Mimi nilifundishwa na jamaa wa karata tatu, ule mchezo wa kubahatisha karata fulani iko wapi. Tatizo ni ada: alinila elfu kumi kwanza, ndipo akanionea huruma.

Siri yenyewe hii hapa. Mkono mmoja unashika karata mbili, moja juu, moja chini, zimeachana kidogo. Akitupa, macho yako yanaamini iliyoanguka ni ya chini. Kumbe ameachia ya juu. Basi, umeshapotea, hata ukodoe macho vipi. Nilikaa naye siku nne, hana kingine anachokijua. Na kama wenzake wamesimama pembeni wanajifanya wateja, ujue huo ni wizi, siyo darasa.

Jiwe_la_Bismarck:
Mbona hamtaji cha bure? The Expert at the Card Table cha S. W. Erdnase, 1902. Haki miliki imeisha, unapakua bila dhambi. Mpaka leo watu wanabishana Erdnase alikuwa nani hasa.

Mzee_wa_Kamanga:
Kwa anayeanza? Nusu ya kitabu ni namna ya kuiba mezani, na Kiingereza chake kinahitaji wakili. Mwacheni dogo achange kwanza.

Mwalimu_Kisesa:
Niongeze la majina, maana hapo ndipo kijana atakapoumia. Usiseme "uchawi". Sema mazingaombwe, au kiini macho. Mwaka juzi nilimfanyia mama wa duka mmoja huko Igoma mchezo wa sarafu kupotea. Mia tano ya chenji, kiganjani, puu, haipo. Wateja wakacheka. Yeye hakucheka. Akafungua droo akahesabu hela, ikapungua elfu mbili. Akapiga kelele: chuma ulete, yaani mchawi wa kuvuta hela za watu! Nilimwonyesha sarafu, nikamwonyesha na nilivyoificha, wapi. Elfu mbili nililipa, na mpaka leo sukari nanunua duka la mbali.

Hofu hii siyo yetu peke yetu. Mwingereza Reginald Scot aliandika The Discoverie of Witchcraft mwaka 1584 kupinga watu kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na humo ndani akaeleza mafundi wa kiini macho wanavyofanya kazi yao: mipira, sarafu, karata. Kinapatikana bure pia, ingawa Kiingereza chake ni cha kusoma kwa uvumilivu.

Kwa hiyo kijana, kila mbinu ipe majina mawili daftarini: la Kiingereza la kutafutia, na la kwetu la kuongelea. Kuficha kiganjani. Kumchagulia mtu karata bila yeye kujua. Kuhamisha macho. Kuangushia mapajani.

Binti_Makoroboi:
Jamani mwalimu, elfu mbili 😂

Kijana_wa_Nansio:
"Kuhamisha macho" naichukua. Jamaa yangu alikuwa anaita "kumpeleka mtu Ukerewe".

Ngosha_Mdogo:
Asanteni wakuu. Nimenunua karata za plastiki, kitabu cha karata nimeagiza, sarafu nimeanza na video moja niliyopakua. Daftari lina majina tisa.

Kuficha kiganjani kumenishinda bado. Sarafu inabanwa katikati, kwa nyama ya chini ya kidole gumba na ile ya upande wa pili, halafu vidole vikae kama havina habari. Vyangu vinakaa kama kucha za mwewe. Leo nimefanya mazoezi kwenye daladala na mia tano ya nauli. Konda akanyoosha mkono, nikamfungulia kiganja nikijua itadondoka. Haikudondoka, ilikuwa imenata kwa jasho. Akaniangalia, akasema, "Dogo, acha usanii, lete hela."