Wana wa Kibokoni: boti ya Jumamosi

*Alhamisi*

Swafiya 09:12
Asalaam alaykum nyote. Narudia kwa waliolala tangu Jumatatu. Twaha na watoto watua kesho kutoka Muscat. Jumamosi twawatembeza kwa boti. Mtu mzima 1,500, mtoto 700. Nahodha ataka arubuni leo kabla ya saa nne usiku, la sivyo boti yaenda kwa watu wa harusi.

Swafiya 09:15
Njia ni hii. Saa tatu asubuhi twapanda Tudor, twapita chini ya daraja la Nyali, twashuka Bandari ya Kale. Ngome ya Fort Jesus. Halafu kwa miguu Ndia Kuu na Kibokoni, watoto waone milango ya nakshi. Jioni bustani ya Mama Ngina, chini ya mibuyu.

Swafiya 11:40
Kikundi kina watu 31. Waliosoma 22. Aliyejibu ni Fuad, na Fuad katuma picha ya mbuzi.

Fuad 11:41
Mbuzi kavaa boya. Huo ni mchango wangu wa usalama 😂

Salma 12:05
Nshatuma 3,000. Mimi na Mama.

Khalid 12:20
Da Swafiya, Mama Ngina boti haifungi. Pale ni majabali matupu na wimbi la bahari kuu lapiga moja kwa moja. Bandari ya Kale, kisha tuktuk.

Khalid 12:22
Na saa tatu haiwezekani. Jumamosi ni bamvua. Wakati wa bamvua hapa kwetu maji huwa makavu kabisa saa nne, saa tano asubuhi. Tudor mtakuta tope na mikoko. Ama tuondoke alfajiri saa kumi na mbili na nusu, ama baada ya adhuhuri maji yakipanda.

Swafiya 12:23
Khalid haya ungeyasema Jumatatu.

Khalid 12:23
Niliyasema. Yako juu ya yule mbuzi wa kwanza.

Fuad 12:30
Alfajiri?? Twaha hajaamka kabla ya jua tangu alipotoroka madrasa.

Twaha 12:52
Nawasoma jamani, nipo kazini. Saa yoyote sawa. Watoto wataka sana ile michoro ya mabaharia.

Halati Mwanaisha 13:10
Michoro gani tena?

Salma 13:18
Ile ya ngomeni Halati. Wareno waliokuwa zamu walichora ukutani merikebu na samaki. Mimi darasa langu huwapeleka pale kwanza, mizinga baadaye. Mzinga ni mzinga. Lakini yule mtu kwao mbali, joto lamuua, hajui chombo kitakuja lini, basi akichora chombo.

Fuad 13:20
Na Waomani wakaizingira ngome kuanzia 1696, wakaingia 1698. Kwa mwendo huu wa michango nasi tutaingia 2028.

Fuad 13:21
Ingawa Babu Shali aliwahi kuingia mle bila tiketi.

Halati Mwanaisha 13:22
FUAD

Salma 13:22
Ilikuwa jela hadi 1958 jamani, kila mtaa una mtu wake. Tuendelee.

Swafiya 13:40
Michango tafadhali. Mpaka sasa ni Salma peke yake.

Halati Mwanaisha 14:02
Kwa nini watoto wasipelekwe Haller Park? Bustani ya haki ni ile. Mimi nilipaona Bamburi pakiwa shimo jeupe la mawe ya saruji, hata mgomba hauoti. Haller alianza kupanda miti 1971. Mivinje ndiyo iliyokubali, lakini majani yake yakawa yaanguka na kukaa tu, hayaozi. Akaleta majongoo wayale, ndipo udongo ukapatikana. Leo kuna twiga. Mama Ngina mibuyu ilijiotea yenyewe, hakuna aliyehangaika.

Fuad 14:04
Yaani hata majongoo walichanga kila mmoja chake. Salim je?

Salim 14:31
👍

Swafiya 14:32
Salim hiyo 👍 ni ya 1,500 au ya majongoo?

Swafiya 14:35
Halati, Bamburi na boti siku moja hazikai. Tutaenda Jumapili.

Halati Mwanaisha 14:36
Jumapili nina arusi. Lakini nyinyi endeleeni tu, mimi nani.

Ami Nassor 15:47
Nauliza. Hiyo milango mwaenda kuangalia ni ya nani?

Swafiya 15:50
Ya watu wa mji Ami. Ile ya Ndia Kuu, na miwili mitatu ya Kibokoni iliyobaki.

Ami Nassor 15:52
Iliyobaki. Sisi twaenda na watoto kupiga picha milango ya watu, na nyumba yetu ina geti la bati. Mwimo wa kulia kulikuwa na mnyororo na samaki, na juu ya kizingiti jina la babu yangu. Nilikuwa nikiufuatisha kwa kidole nikitumwa maziwa. Twaha watoto wakikuuliza wa kwetu u wapi, utawajibu nini?

Ami Nassor 15:53
Aliyeuuza yumo humu. Yuasoma.

*Fuad amefuta ujumbe huu*

Khalid 16:10
Samahani wazee, nahodha auliza tu 18 au tu 20. Zaidi ya 20 yuataka boti mbili.

*Ami Badi ameondoka*

Swafiya 16:25
Ami Nassor kwa heshima zote, haya tungeyazungumza nyumbani.

Ami Nassor 16:26
Miaka yote mwaniambia nyumbani. Nyumbani nikiyasema, chai yaletwa.

Bi Mkubwa 17:05
🎤 Ujumbe wa sauti (1:48)

Twaha 17:20
Siwezi kusikiliza, nipo mkutanoni. Asemaje?

Salma 17:38
Naandika alivyosema:

"Nassor. Badi alitumwa, na aliyemtuma ni mimi. Babenu alijua. Paa la nyuma lilikuwa limeanguka, na wewe ulikuwa wadaiwa ada ya mihula miwili. Yule mnunuzi alikuja na pesa taslimu nikahesabu mwenyewe ukumbini. Badi alisema asemwe yeye, kwa sababu wewe ungeacha chuo. Basi akasemwa, na akakaa kimya mpaka leo. Mimi pia nilikaa kimya na hilo ni langu na Mola wangu. Mrudisheni Badi kikundini. Na boti mimi napanda. Mji huu babangu alikuwa akiuona kwa upande wa maji akirudi na jahazi, mimi nimeuona kwa upande wa jikoni. Mnitafutie kiti chenye mgongo."

*Swafiya amemwongeza Ami Badi*

Halati Mwanaisha 18:55
Sote tulikuwa tukijua nusu nusu.

Ami Nassor 19:41
Nimesikia Mama.

Ami Nassor 19:58
Swafiya nimetuma 4,500. Yangu, ya mke wangu, na ya Badi.

Swafiya 20:01
Imefika Ami. Ahsante.

Ami Badi 20:30
Shkamoo Mama. Yangu nilikuwa nimeshatuma tangu mchana, Swafiya atazame. Hiyo ya Nassor arudishiwe.

Ami Nassor 20:33
Isirudishwe.

Swafiya 20:35
Basi nawaandika Ami Badi na mgeni wake 😅

Ami Badi 20:36
Sina mgeni. Botini nitakuwepo. Kibokoni sitembei, nitakaa bandarini nikiwangoja.

Fuad 20:40
Nshatuma yangu. Msiniulize kwa nini leo.

Swafiya 21:44
Arubuni nimempa nahodha, nimeongeza zangu, mtanilipa. Tu 19. Bado SAA. Alfajiri ngome itakuwa bado haijafunguliwa. Adhuhuri tutafika Mama Ngina jua likizama. Andikeni A ya alfajiri au D ya adhuhuri.

Salma 21:46
A

Khalid 21:46
D

Salim 21:50
👍

Fuad 21:51
M, ya majongoo

Khalid 21:58
Jambo jingine. Tukienda D, ngazi za bandari ziwe na maji ya kutosha ndipo Bi Mkubwa ashuke bila kurukishwa. Tukienda A, maji yatakuwa yatoka na zile ngazi za chini zina ukoga. Kuna mtu wa kumshika mkono?

Ami Badi 22:03
Mimi na Nassor.

Swafiya 22:04
Sawa. Lakini hilo si jibu la saa. Kesho baada ya swala ya Ijumaa nataka A au D, kila mtu. Twaha, ndege yenu yatua saa ngapi?