Kundi la Darasa: Majina Kabla ya Ijumaa

JUMATATU

Zuhura: Habari za asubuhi wapendwa. Amidi, mkuu wa shule yetu ya biashara, alinipigia jana jioni. Wakaguzi wa ithibati, wale wanaothibitisha ubora wa shule, wanakuja shuleni mwezi ujao na wameomba kukaa na wahitimu peke yao, bila mwalimu chumbani. Majina anayataka kabla ya Ijumaa. Halafu wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanahitaji walezi, na ule mfuko wa wanaokwama ada bado hauna kitu. Kila mtu aandike jina na jambo analoliweza.

Zuhura: Nawaona mnasoma.

Zuhura: Tiki za bluu haziwezi kukaa na wakaguzi jamani.

Sospeter: Mimi nipo. Ila wanauliza nini hao? Nisije nikaulizwa takwimu.

Mwanaidi: Sospeter na takwimu 😂😂

Hamisi: Si ndiye huyu aliyeuza kikokotoo wiki ya mtihani?

Sospeter: Nilikiuza kwa faida. Wengine mlikuwa mnasoma nadharia.

Mwanaidi: Alimuuzia nani vile?

Hamisi: Mimi. Na hakikuwa na betri!

Mwanaidi: 😂😂😂 nimekufa

Zuhura: Ijumaa jamani, Ijumaa. Sospeter, hakuna takwimu. Watakuuliza kama ulichofundishwa kilikufaa kazini, kama shule iliwahi kukutafuta ulipoondoka, na kama kuna neno la mhitimu lililowahi kubadilisha mtaala. AACSB, shirika la Marekani la ithibati ya shule za biashara, lipo tangu 1916, na EQUIS, ithibati ya Ulaya, tangu 1997. Hawa watu wameona shule nyingi, wanajua makabrasha yanavyopambwa, ndiyo maana wanataka kutusikia sisi. Shule ikipewa ithibati, cheti cha kijana anayemaliza mwakani kinapata uzito. Na chako ulichokitundika ukutani pia.

Hamisi: La wakaguzi niweke. La mfuko niache.

Zuhura: Kwa nini Hamisi?

Hamisi: Unajua kwa nini.

Mwanaidi: Ni yale ya viti.

Hamisi: Ya viti na ya kompyuta. Tulichanga, tukaambiwa taarifa itakuja. Mpaka leo. Mwanaidi alikuwa mweka hazina, aseme alivyozungushwa na ile ofisi.

Mwanaidi: Mimi nilikabidhi, na stakabadhi ninazo zote. Kilichofuata sikijui. Naomba sana nisirudishwe huko, kuna watu humu walinitazama kama mwizi.

*Gervas amefuta ujumbe huu*

Hamisi: Nimeshausoma Gervas. Usirudie tena.

JUMANNE

Ally: Salaam wote. Mimi naona tunafikiria kidogo. Tuchange kitu cha maana, ukumbi mmoja uitwe jina la darasa letu. Ndivyo shule kubwa zilivyojengwa. Joseph Wharton alitoa dola 100,000 mwaka 1881 na jina lake lipo hadi leo kwenye shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Chuo Kikuu cha Chicago nao walibadilisha jina la shule yao ya biashara mwaka 2008, David Booth alipotoa dola milioni 300. Na Booth alisoma hapo hapo!

Sospeter: Sisi tukichanga wote kwa nguvu zetu tunapata jina la mlango.

Hamisi: Kitasa.

Mwanaidi: Kitasa kisicho na betri 😂

Zuhura: Ally kaka yangu, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Wisconsin pia ipo. Mwaka 2007 wahitimu 13 waliungana wakatoa dola milioni 85, sharti likiwa shule hiyo isipewe jina la mtu yeyote kwa miaka 20. Walitoa ili shule ibaki ya wote. Hiyo ndiyo inanigusa mimi. Na Tuck, ile shule ya biashara ya chuo cha Dartmouth huko Marekani iliyoanzishwa 1900, inasifiwa kwa wingi wa wanaotoa: kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya wahitimu wake wa MBA, shahada ya uzamili ya biashara, wamekuwa wakitoa chochote kila mwaka. Wengi, kila mwaka. Sisi tuko wangapi humu na wangapi wamejibu tangu jana?

Ally: Sawa dada, lakini na ukumbi tuufikirie.

Mwanaidi: Kama tunazungumzia mfuko, tuelewane ni mfuko gani. Mfuko wa kudumu mtaji wake hauguswi. Unawekezwa, na vyuo vingi vyenye mifuko ya aina hiyo hutumia kama asilimia 4 au 5 ya thamani yake kwa mwaka. Maana yake, ukitaka kumlipia mwanafunzi mmoja kila mwaka bila kukoma, unahitaji mtaji wa mara 20 hadi 25 ya ada yake. Mwanafunzi mmoja tu huyo. Pigeni hesabu kwanza.

Sospeter: Kikokotoo sina.

Hamisi: 😂

Zuhura: Asante Mwanaidi, kumbe bado u mweka hazina wetu. Basi tuanze na mchango wa kila mwaka: unaoingia mwaka huu ulipe ada ya mwaka huu. Wa kudumu tutaujenga pembeni taratibu.

Mwanaidi: Mimi si mweka hazina wa mtu. Nimeeleza tu.

Gervas: Naomba niseme. Ofisini kwangu naweza kuchukua vijana wawili wa mafunzo kwa vitendo. Wakae na watu wa mauzo, waone mteja anavyokataa. Lakini shule ituletee msimamizi anayefika kuwaona, si yule wa kujaza fomu kwa simu. Tulipokuwa wanafunzi mimi niliwekwa kutoa fotokopi mpaka muda ukaisha, na alama nikapewa nzuri.

Hamisi: Hapo umesema kweli Gervas.

JUMATANO

Zuhura: Habari za leo. Nina majina mawili ya wakaguzi, nahitaji matano. Walezi sina hata mmoja. Ni saa moja kwa mwezi jamani, hata kwa simu. Kijana ana wazo lake, anataka mtu aliyewahi kulipa mishahara amwambie kama linasimama.

Zuhura: ???

Mwalimu: Nimesoma yote tangu Jumatatu. Msinisalimie mmoja mmoja, nimewapokea wote. Hamisi ana haki. Mchango wa mtu usiotolewa maelezo ni deni, hata kama viti vilinunuliwa kweli. Zuhura, kabla hujaomba senti moja, mwandikieni amidi barua. Aeleze kwa maandishi mchango ule ulivyotumika. Stakabadhi za Mwanaidi ziambatishwe, na Mwanaidi asisumbuliwe tena kwa jambo hili. Nimemaliza hilo.

Mwalimu: La pili. Wanafunzi waliopo leo hawakugusa fedha zenu. Wakaguzi na walezi visisubiri barua. Miaka yote niliyofundisha, kipindi ambacho darasa halikusinzia ni siku mhitimu mmoja alipokuja na daftari za hesabu za duka lake lililofungwa, akazifungua mbele yao, ukurasa kwa ukurasa, akawaonyesha ni mwezi gani alianza kukopa ili alipe deni jingine. Waliuliza maswali mpaka giza likaingia. Mimi nilikuwa na shahada tatu na jambo lile sikuwa nalo. Mnalo ninyi.

Mwanaidi: Asante Mwalimu. Asante sana.

Gervas: Tumesikia Mwalimu.

Hamisi: Shikamoo Mwalimu, najua umekataza. Zuhura, niandike na ulezi. Mfuko baada ya barua kujibiwa.

Sospeter: Na mimi ulezi. Niliwahi kufunga biashara, Mwalimu anajua. Daftari ninazo.

Ally: Na ukumbi?

ALHAMISI

Zuhura: Hapa tulipofika. Wakaguzi: Sospeter, Hamisi. Walezi: Hamisi, Sospeter. Mafunzo kwa vitendo: Gervas, nafasi mbili. Mchango: unasubiri barua. Mwanaidi, utaiandika?

Mwanaidi: Stakabadhi nakutumia leo, nimeshazipiga picha. Barua siandiki.

Zuhura: Basi naandika mimi. Nani anasaini nami? Jina langu peke yake litaonekana ni ugomvi wa mtu mmoja.

Zuhura: Gervas?

Gervas: Niko kikaoni, nitakujibu.

Bahati: Samahanini nimechelewa kusoma. Wakaguzi ni kesho?

Zuhura: Bahati! Kesho ni majina, wao wanakuja mwezi ujao. Nikuweke?

Bahati: Inategemea tarehe.

Zuhura: Hawajaitoa bado. Nakuweka, ukishindwa utaniambia mapema. Bado wawili.

Ally: Mimi niko mbali, wanakubali kwa video?

Zuhura: Nitamuuliza amidi leo hii. Na barua utasaini?

Hamisi: Nitasaini mimi. Ila rasimu iletwe humu kwanza, isiende bila sisi kuisoma.

Zuhura: Italetwa usiku. Hamisi, nimeandika "viti na kompyuta". Kuna kingine?

Hamisi: Ngoja nimuulize Mwanaidi pembeni.