Naomba ushauri: nimeshavaa Speedmaster, saa ya pili iwe Zenith El Primero au kalenda ya kudumu?

Kijana wa Chumbageni
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mwaka wa nne huu navaa Omega Speedmaster, ile ya kutia ufunguo kwa mkono. Sasa nimejichanga, nataka ya pili. Muuzaji mmoja Dubai ana Zenith El Primero ya miaka ya 1990, boksi lipo ila karatasi hazipo. Anayo pia IWC Da Vinci yenye kalenda ya kudumu, yaani inayojua yenyewe urefu wa kila mwezi. Hela yangu ni ya moja tu, naishi Tanga jirani na bahari, na fundi wa saa hizi hapa sina. Nichukue ipi?

Mshale Mwekundu
Zenith, mkuu. Usikae kuwaza.

Fundi Saa Mstaafu
Marahaba mwanangu. Nami nasema Zenith. El Primero ilitoka 1969, miongoni mwa kronografu (saa zenye kipima muda cha kuwasha na kuzima) za mwanzo kabisa zinazojijaza zenyewe mkono ukitembea. Inapiga mara 36,000 kwa saa, ndiyo maana inaweza kugawa sekunde moja mara kumi. Mwaka 1975 wenye kiwanda cha Zenith, Wamarekani, waliamuru saa za mitambo zisitengenezwe tena na vifaa vya kuzitengenezea viondolewe, maana soko lilishahamia kwenye saa za betri. Fundi wa kiwanda hicho huko Le Locle, Uswisi, Charles Vermot, akavibeba kidogo kidogo akavificha darini, akaandika na maelezo yake. Miaka ya 1980 vikashushwa, kazi ikaanza upya. Mashine hiyo ndiyo Rolex waliitia kwenye saa yao ya Daytona kuanzia 1988 hadi 2000, wakaipunguzia mapigo. Kila nikifungua El Primero namkumbuka yule bwana.

Sasa kazi yako. Muombe muuzaji video isiyokatwa: awashe kronografu, aiache ikimbie nusu saa, asimamishe, arudishe. Mishale yote itue kwenye sifuri sawasawa. Halafu afungue mgongo uione mashine. Karatasi kukosekana kunavumilika. Akikataa kufungua mgongo, achana naye. Ikifika, badilisha mipira ya kuzuia maji kwanza, hewa ya chumvi haina huruma. Na tarehe usiiguse kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, gia zake zinakuwa zimeshikana.

Bin Pwani, Maskati
Ninayo Da Vinci na naipenda mno. Kurt Klaus, fundi wa IWC, aliitoa 1985: inajua mwezi wa siku 30 na wa 31, inajua Februari ya siku 29, mwaka unasomeka kwa tarakimu nne, na haidai kusahihishwa hadi 2100. Ila kalenda yote inasogezwa kwa ufunguo uleule mmoja, na hairudi nyuma. Siku moja niliipitisha mbele siku tatu. Ikabidi niisimamishe nisubiri siku zenyewe ziifikie. Ungeipitisha miezi ingekwenda kwa fundi, na fundi wa kalenda ya kudumu ni adimu kuliko wa kronografu. Ndugu yangu, kwa hapo ulipo, anza na Zenith.

Kijana wa Chumbageni
Nashukuru sana wakuu. Nimeshamwandikia kuhusu video na mgongo. Fundi, mshale wa dakika wa kronografu ukirudi pembeni kidogo tu ya sifuri, hiyo ni kazi ya kurekebisha mshale au mashine yenyewe imechoka?

Fundi Saa Mstaafu
Mara nyingi ni mshale kuteleza kwenye mhimili wake. Aurudie mara kumi. Ukitua palepale kila mara, ni kazi ndogo. Ukitua mahali tofauti, usinunue.