Kikombe cha harusi chenye pete mbili: mpingo au mninga?

Dada wa Bi Harusi: Wakuu, habari za leo. Mdogo wangu anaolewa Moshi na mchumba wake Mjerumani. Nataka kuwapa kikombe cha mbao cha kukereza, chenye mguu mwembamba na pete mbili za mbao zinazocheza shingoni, kama maharusi wa Ulaya. Pete hizo huunganishwa kwa gundi? Na nichukue mpingo au mninga?

Fundi Kerezo: Hakuna gundi, dada. Kikombe na pete vyote ni kipande kimoja. Pete inachongwa ikiwa bado imeshikana na mguu wa kikombe, kisha patasi iliyopinda inapita chini yake, kushoto halafu kulia, mpaka inaachia. Ukiona alama ya gundi, usilipe! Mpingo unapendeza mno, ila hukauka polepole na kupasuka. Ningekupa mninga mkavu, hausinyai sana.

Mama Wawili: Agiza mapema jamani. Pete ikikatika, fundi anaanza upya.

Dada wa Bi Harusi: Wataweza kunywea?

Fundi Kerezo: Siku ya harusi, sawa. Wasiache kinywaji ndani, wala wasiloweke. Wafute kwa kitambaa kikavu.