Naomba ushauri: nitapataje rekodi za mbwa wa polisi aliyemuuma mdogo wangu?

Hamjambo ndugu zangu. Mdogo wangu aliumwa na mbwa wa polisi usiku akitoka kazini, hapa Kenya. Hakukamatwa wala hakushtakiwa. Kila nikimbadilisha bandeji nayaona yale matundu manne nyuma ya goti, moja bado linatoa maji, na roho inaniuma. Sindano za kichaa cha mbwa ameshaanza.

Nilienda kituoni kuuliza mbwa huyo alichanjwa lini, ameshauma watu wangapi na nani alikuwa amemshika. Nikaambiwa hiyo ni siri ya kazi. Chanjo ya mbwa nayo ni siri kweli?

Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaruhusu kuomba kwa Kiswahili na kujibiwa ndani ya siku 21, au saa 48 uhai wa mtu ukihusika. Je, chanjo inaingia kwenye saa 48? Niende IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, sasa, au nisubiri barua ya kuomba rekodi ijibiwe? Na wakisingizia usalama wa taifa, aliyewahi kukata rufaa kwa Ombudsman, tume inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za serikali, tafadhali anieleze aliandikaje.