Halmashauri zirudi kumiliki bendi za dansi? Mimi nasema zitupe ukumbi tu

MLETA MADA

Wakuu, kila anapozikwa mwanamuziki mkongwe wa dansi, hoja hii huibuka upya vijiweni na redioni: serikali, kupitia halmashauri na mashirika yake, irudi kumiliki bendi kama zamani. Wanaoisema wana mifano mizito. NUTA Jazz ilianzishwa na chama cha wafanyakazi mwaka 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. UDA, shirika la mabasi ya Dar es Salaam, walikuwa na bendi yao, Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, polisi na jeshi nao hawakubaki nyuma. Mlimani Park ilizaliwa 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi. Kampuni ilipoyumba, DDC, shirika la jiji la Dar es Salaam, likaichukua mwaka 1983, ndipo tukaipata DDC Mlimani Park, Sikinde ngoma ya ukae. Mwanamuziki alikuwa na mshahara wa mwezi, ukumbi ujae usijae.

Mimi napinga. Matunda ya enzi ile nayajua, na hadi leo redio zinaishi kwa kanda zilizorekodiwa RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) wakati huo. Ila tunapoikumbuka tunataja mshahara, vyombo hatuvitaji. Magita, spika, drams, tumba, saksafoni, vyote vilikuwa mali ya mwajiri. Ukigombana na meneja unatoka mikono mitupu. Ndiyo maana historia ya dansi letu imejaa kuhamahama. Mwimbaji Muhidin Gurumo alitoka NUTA akaenda kuianzisha Mlimani Park, mwaka 1985 akahamia Safari Sound ya mfanyabiashara Hugo Kisima pamoja na wenzake kadhaa, baadaye akarudi kwenye bendi ileile aliyotoka, Msondo. Watu wenye sauti na tungo zile, na wapenzi lukuki nyuma yao, kila walipotaka kupiga muziki ilibidi wamtafute mwenye vyombo.

Mashirika yenyewe yalipoanza kufa au kubinafsishwa, bendi zikafa nayo. Urafiki iko wapi? UDA Jazz? Bima Lee? Washirika? Msondo na Sikinde zimebaki kwa ubishi wa wanamuziki wenyewe na mapenzi ya mashabiki wao.

Tunasahau pia kwamba kabla ya mashirika palikuwa na vilabu. Dar es Salaam Jazz ni ya mwaka 1932, Morogoro Jazz ni ya 1944, Chama cha Wafanyakazi cha NUTA hakijaota hata jino. Kilwa Jazz ilikuwa na watu wa Kilwa waliohamia Dar, Western Jazz ikawa na watu wa Tabora na pande zile. Wanachama, ada, kiongozi wa kuchaguliwa, na vyombo vya klabu. Ukivuka bahari kwenda Unguja, Ikhwani Safaa ipo tangu 1905. Ni taarab, sawa, lakini ni klabu ya wanachama, na imeona sultani, Mwingereza, Mapinduzi na vyama vingi.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: halmashauri isiajiri mwimbaji hata mmoja. Itoe ukumbi kwa bei ya kuchangia umeme, siku zinazojulikana kila wiki, na seti moja ya vyombo vya msingi inayokaa hapohapo ukumbini na kutumiwa na bendi yoyote iliyosajiliwa. Bendi ziwe za wanachama. Karibuni mnipinge.

MPIGA BESI MSTAAFU, TANGA

Mwanangu, umeandika vizuri, ila vilabu unavyovisifu mimi nimevipigia. Ada ilikuwa inalipwa na wachache, waliobaki wanakuja kucheza bure kwa sababu "sisi ndio wenye klabu". Nilipopata nafasi kwenye bendi ya shirika, kwenye karatasi niliandikwa karani wa stoo. Stoo yenyewe sikuwahi kuifungua. Lakini nilikuwa na likizo, matibabu ya familia na makato ya NPF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi wa enzi hizo. Wenzangu waliokwenda kwa matajiri walilipwa vizuri zaidi miezi ya mwanzo, kisha tajiri akachoka na muziki, akauza vyombo, basi. Shirika nalo lilikufa, kweli, lakini lilichukua miaka mingi kufa na wakati huo wote watoto wangu walikuwa wanasoma.

Nyie mnaobishana leo hamjui nyuzi za gita zilivyokuwa mwishoni mwa miaka ya 70 na kuingia 80. Nchi imetoka vita vya Kagera, fedha za kigeni hakuna, mpaka wa Kenya umefungwa tangu 1977. Ukikatikiwa na uzi unaunga fundo. Anayeweza kupata kibali cha kuagiza vyombo nje ni shirika, si klabu ya watu wa Kilwa na ada yao.

MLETA MADA

Shikamoo mzee. Kuhusu nyuzi nakubali, ila uhaba ule umekwisha. Leo gita la mtumba unalipata Kariakoo, kibali cha shirika hakihitajiki. Lililobaki bila jibu ni la makato yako ya NPF, na hilo ndilo zito kweli. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, sasa inapokea michango ya waliojiajiri, bodaboda na mama lishe wanachangia. Klabu iliyosajiliwa ikate sehemu ya kiingilio cha kila onyesho na kuwapelekea wanamuziki wake huko, kabla watu hawajagawana nauli. Bila hilo tutaendelea kuchangishana kwenye magrupu ya WhatsApp kila mkongwe akilazwa.

MKAZI WA SINZA

Mnazungumzia nani amiliki, hamjauliza nani analala jirani. Mimi nina baa mbili mbele na moja nyuma. Mwaka 2023 NEMC, baraza la mazingira, walipozifungia baa kwa kelele, watu walilia muziki unauawa. Si muziki uliofungiwa, ni spika zinazoelekezwa dirishani kwangu saa nane usiku, na mara nyingi si bendi, ni DJ. Bendi ikianza saa kumi jioni ikaisha saa nne usiku, nami nitakuja na kitenge changu na kiingilio nitalipa. Lakini hiyo kumbi ya halmashauri iwe na kuta. Mabati juu na uwazi pande zote si ukumbi, ni banda.

PRODYUZA, MWANZA

Kwa heshima zote kwa wazee, kwa nini fedha ya umma iende kwenye dansi? Anayejaza uwanja leo ni bongofleva na singeli.

MLETA MADA

Mdogo wangu, sijasema dansi peke yake. Nimesema vyombo. Hao wanaojaza uwanja wengi wao wanapanda jukwaani na "playback", na sababu moja ni kwamba kuajiri bendi kamili ni ghali na kijana wa mtaani hajawahi kushika drams tangu azaliwe. Kinanda kikiwepo ukumbini Ilemela, watakaokigombania Jumanne mchana ni vijana wako wa studio. Wazee watakuwa msibani.

PRODYUZA, MWANZA

Hahaha. Hapo sina neno. Swali: nani analipa kikiharibika?

MSTAAFU WA HALMASHAURI

Nijibu mimi, maana rejesta ya mali nimeishika kwa mikono yangu. Chombo cha umma kisicho na mtu anayekidai kila siku huwa hakiharibiki, kinapotea. Mara "kimepelekwa kwa fundi", mara kimeazimwa kwa mwenge, mara kwa sherehe ya mheshimiwa. Vyombo viwe vya muungano wa vilabu, halmashauri itoe mlango na kufuli tu.

La pili ni chungu zaidi. Kumbi hizi mnazozitaka zinalipa. Ijumaa na Jumamosi ni send-off na harusi, Jumapili mchana ni kipaimara na vikao vya vikoba. Mkurugenzi ana lengo la mapato ya ndani la kutimiza, na diwani anamuuliza kila robo mwaka. Ukimwambia aiachie bendi siku ya Jumamosi kwa bei ya umeme, atakuuliza pengo la mwezi linazibwa na nani. Hakuna sera itakayopita bila kujibu hilo.

MLETA MADA

Basi tusiombe Jumamosi. Tuombe Jumapili saa kumi na moja, kipaimara kimekwisha na watu bado wamevaa vizuri. Bei iwe asilimia ya kiingilio, si kodi ya kulipa kabla. Bendi isipojaza watu, halmashauri imepoteza jioni ambayo mara nyingi haina mteja. Ikijaza, wote wamepata, na mama wa chipsi nje amepata. Mkurugenzi ataiona kwenye daftari la mapato ndani ya miezi michache, na diwani atapata cha kusema.

Hoja ya vyombo kuwa vya muungano wa vilabu naichukua kama ilivyo. Ni bora kuliko yangu ya vyombo kuwa vya halmashauri.

MPIGA BESI MSTAAFU, TANGA

Kama mmefika huko, niongeze moja kisha nikale. Mkinunua vyombo msiishie gita na kinanda. Nendeni mkatazame bendi za leo, ngapi zina wapulizaji? Kinanda kinaigiza tarumbeta, na kinaigiza vibaya. Sikinde bila wapulizaji wake si ile mliyoizoea kwenye kanda. Sasa wapulizaji wapo, wako kwenye brasbendi ya Polisi na ya JWTZ, kila gwaride mnawaona. Waombwe rasmi wafundishe Jumamosi asubuhi, kabla harusi hazijaanza kupamba ukumbi. Besi nitafundisha mimi bure. Nauli ya kutoka Tanga mtanitumia.